Sola ya nyumba kijijini: anza na jioni ya familia, paneli baadaye

Nimeingia nyumba nyingi zenye paneli juu ya paa na koroboi mezani. Paneli nzima kabisa. Ukiipima jua la saa sita inakupa volti zake 21 bila kusita. Kilichokufa ni betri, au waya umelegea, au kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na taa, imeungua na aliyeifunga hapokei simu tena. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupeleka sola kwenye nyumba za kijiji, iwe nyumba moja ya wazazi wake au kikundi cha kaya ishirini. Usishangae paneli ikitajwa kidogo. Ndiyo kifaa chenye matatizo machache kuliko vyote.

Hatua ya 1: Kaa nao jioni moja

Usianzie dukani. Fika nyumbani kwao jua linapozama, ukae mpaka watu walale, na daftari mkononi. Ukiwauliza "mnahitaji nini?" utatajiwa friji, pasi na televisheni kubwa, na hawana kosa, umewauliza ndoto. Ukikaa ukatazama, utaona mambo yenyewe: mama anapikia wapi, mtoto anasomea pembe gani, nani anatoka na tochi kwenda chooni, simu ni ngapi na leo zimechajiwa kwa nani.

Mara nyingi taa ambayo mafundi huisahau ndiyo inayotakiwa kuliko zote, ile ya nje. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, humu ndani napajua hata gizani. Mlangoni ndipo ninapoogopa." Tangu siku ile taa ya nje naiandika ya kwanza.

Sasa piga hesabu. Wati za kifaa ukizizidisha kwa saa kinazowaka unapata wati-saa. Nyumba ya kawaida inaweza kuwa hivi:

Taa mbili za LED za wati 4, sebuleni na jikoni, saa 5: wati-saa 40
Taa mbili za wati 4 vyumbani, saa 2: wati-saa 16
Taa ya nje ya wati 2, saa 10 za usiku: wati-saa 20
Simu tatu, kila moja kama wati-saa 15: wati-saa 45
Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30

Jumla ni wati-saa 151 kwa siku. Iandike kwa herufi kubwa, maana kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Televisheni ya wati 20 inayotazamwa saa 4 inaongeza wati-saa 80, yaani zaidi ya nusu ya nyumba nzima. Siyo kosa kuitaka, ila iingie kwenye hesabu leo, isije kuingizwa kimyakimya mwezi ujao. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni wati-saa 500. Hapo sema hapana mapema na ueleze kwa nini. Friji ndogo ya volti 12 inawezekana, lakini huo ni mfumo mwingine wenye paneli na betri zake. Usiibebeshe betri ya taa.

Hatua ya 2: Pima paneli na betri

Umeme hupotea njiani: kwenye waya, ndani ya betri, kwenye vumbi, na kwenye joto, kwa sababu wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa ikiwa na nyuzi 25 tu, na juu ya bati la moto haikai hivyo hata kidogo. Gawa matumizi kwa 0.7. Kwa nyumba yetu, 151 gawa kwa 0.7 ni kama 216.

Kisha ujue saa za jua kali. Mchana una saa 12 za mwanga, lakini asubuhi na jioni jua ni dhaifu. Ukijumlisha nguvu yake yote, nchi za joto hupata kiasi cha saa 4 hadi 6 za jua kamili kwa siku. Chukua mwezi mbaya kuliko yote, ule wa mawingu. Kwa saa 4, 216 gawa kwa 4 ni wati 54.

Mimi ningefunga wati 80. Sababu ni hii: kontrola ya bei nafuu, ile ya PWM, haibadilishi volti za paneli. Inapitisha ampea tu. Paneli ya wati 80 hufanya kazi kwenye volti 18 hivi na hutoa ampea 4.4, zikiingia kwenye betri yenye volti 13, unapata wati 57. Zile nyingine huzioni. Kontrola ya MPPT, ile inayobadilisha volti za paneli ziendane na betri, inaokoa sehemu kubwa ya hizo, lakini bei yake kwa mfumo mdogo mara nyingi inatosha kununua paneli kubwa zaidi. Kuna mtego hapa wa kuangalia sana. Paneli kubwa za siku hizi zina volti 30 na zaidi, na ukiunganisha moja ya hizo kwenye betri ya volti 12 kwa PWM, zaidi ya nusu ya nguvu uliyolipia inapotea. Paneli za aina hiyo ni za MPPT.

Betri ihesabie usiku mbili, ili siku moja ya mawingu isiwarudishe kwenye koroboi. Usiku mbili ni wati-saa 302. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo zidisha mara mbili, upate 604, ugawe kwa volti 12: ampea-saa 50. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma inavumilia kutumika asilimia 80, hivyo ampea-saa 30 zinatosha. Ya lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini huenda mizunguko 2,000 ya kujazwa na kutumika na kuzidi, wakati ya asidi inayotumika nusu kila siku huenda mamia tu. Pesa ikiwepo, nunua lithiamu. Isipokuwepo, nunua ya asidi iliyotengenezwa kwa sola. Ya gari iache kwenye gari: imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kuwasha injini, na ukiinyonya kila usiku haimalizi hata mwaka vizuri.

Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, usiifunge bila sababu. Taa, redio, simu na hata televisheni zipo za volti 12. Inveta ndogo iliyowashwa bila kazi yoyote inaweza kula wati 5. Kwa saa 24 ni wati-saa 120, zaidi ya robo tatu ya matumizi ya nyumba yetu.

Na kama nyumba inahitaji taa mbili na kuchaji simu basi, achana na hesabu zote hizi. Nunua seti iliyofungwa kiwandani, ya kuchomeka tu, ukitafuta iliyopimwa ubora na kuorodheshwa na VeraSol, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha ubora wa vifaa vya sola.

Hatua ya 3: Nenda dukani na mita

Chukua maltimita, mita ya kupimia volti na ampea, hata ile ndogo ya rangi ya njano. Omba paneli itolewe juani karibu na saa sita. Ya volti 12 isipounganishwa na kitu isome volti 21 au 22. Lakini volti peke yake hudanganya, kwani hata paneli mbovu inazo. Geuza mita kwenye ampea, kwenye tundu la ampea 10, gusisha ncha za mita moja kwa moja kwenye nyaya mbili za paneli. Ya wati 80 jua likiwa kali ikaribie ampea 4.5. Ikisoma 2, lebo inasema uongo. Muuzaji akikukataza kupima, umeshapata jibu.

Huna mita? Tumia rula. Jua kali huleta kama wati 1,000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza asilimia 20 au 22 ya hizo. Paneli ya sentimita 30 kwa 40 haiwezi kuzidi wati 26, hata kama nyuma imeandikwa 100.

Betri ya asidi ipime kwa kuibeba. Risasi, madini yaliyomo ndani yake, ni nzito: ya ampea-saa 50 ina uzito wa kilo 15 hivi. Ile inayojiita 100 na unainyanyua kwa mkono mmoja ukicheka, iache hapohapo.

Wakikuletea mpango wa kulipa kidogokidogo kwa simu, uliza mambo manne kabla ya kutia sahihi: jumla yote ikilipwa ni kiasi gani ukilinganisha na taslimu, familia ikikosa mwezi mmoja mfumo unafungwa au unachukuliwa, betri ikifa katikati ya malipo ni ya nani, na fundi wao yuko umbali gani. La mwisho ndilo watu hawaulizi.

Hatua ya 4: Kufunga

Tafuta mahali pasipo na kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kivuli cha tawi moja si kitu kidogo. Vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfululizo kama watu walioshikana mikono wakipita mlango mwembamba, mmoja akikwama wote nyuma wanasimama. Kumbuka pia kuwa jua huhama kwa msimu, na mti ambao leo hauna kivuli miezi mitano mbele unaweza kuwa nacho.

Ukiwa kusini mwa ikweta elekeza paneli kaskazini, ukiwa kaskazini ielekeze kusini. Huna dira, chomeka kijiti kilichonyooka na utie alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika kumi, mchana wa saa sita. Kivuli kifupi kuliko vyote kimelala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mwinamo uwe karibu sawa na nyuzi za latitudo ya mahali, lakini usishuke chini ya nyuzi 10 hata kama uko juu ya ikweta yenyewe, la sivyo mvua haitaosha vumbi na matope yatatuama kwenye ukingo wa chini. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paa la nyasi usilitwike paneli. Simamisha mlingoti imara uani.

Sasa waya, ambako nimeona pesa nyingi ikipotea. Volti 12 ni chache, kwa hiyo kila volti inayopotea njiani inauma. Chukua paneli iliyo mita 10 kutoka kwenye kontrola, ikileta ampea 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unapoteza volti 1.15. Kwa wa 2.5 unapoteza 0.69. Kwa wa 4, 0.43. Fundi anayefunga 1.5 kwa sababu "umeme ni mdogo" amekata karibu sehemu ya kumi ya mfumo kabla haujawaka. Weka 4 kutoka kwenye paneli, 4 au zaidi kati ya kontrola na betri, na umbali huo wa mwisho uwe mfupi, chini ya mita 2. Kwa taa, 1.5 inatosha, ampea zake ni chache.

Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, kila mahali, hata kama dukani rangi moja imeisha. Soketi za kawaida za ukutani usizitumie kwa volti 12. Siku moja mgeni atachomeka kitu chake.

Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya wa betri, karibu na betri kadiri mkono unavyofika. Kwa nyumba yetu, ya ampea 10 au 15. Betri ndogo ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea, na waya unageuka moto mwekundu kabla hujasema neno. Fyuzi ni kitu kidogo, na ndicho ninachokikosa nyumba nyingi kuliko kingine chochote.

Mpangilio wa kuunganisha: betri kwenye kontrola kwanza, kisha paneli, kisha vifaa. Kufungua ni kinyume, vifaa, paneli, betri mwisho. Kontrola hujua ni mfumo wa volti ngapi kwa kuiona betri. Ukianza na paneli, nyingine huchanganyikiwa na nyingine huungua. Ukimaliza, iambie kontrola aina ya betri uliyofunga. Hatua hii inarukwa sana, na lithiamu iliyowekewa mpangilio wa asidi inaharibiwa polepole bila dalili.

Betri ya asidi ikae kwenye sanduku lenye matundu, mahali penye hewa, nje ya chumba cha kulala na mbali na moto. Inapojaa hutoa haidrojeni, na haidrojeni na kiberiti havikai pamoja.

Hatua ya 5: Kabidhi kwa mikono, usikabidhi kwa maneno

Hapa ndipo mifumo inapokufa. Nitasimulia mmoja.

Miezi saba baada ya kufunga, niliitwa. "Fundi, taa yako imekufa." Nilipofungua sanduku nikakuta nyaya mbili mpya, zimefungwa kwa utepe wa gundi moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, zinaelekea kwenye televisheni. Kijana wa nyumba alikuwa amechoka na kontrola "inayozima umeme mechi ikiwa tamu". Kontrola ilikuwa inafanya kazi yake: betri ikishuka inakata, ili isinyonywe mpaka mwisho. Kijana aliipita pembeni. Mita ilisoma volti 9.6 na betri haikurudi tena. Nikaanza kukasirika, kisha nikakumbuka kuwa siku ya kufunga nilimweleza baba yake, nikiwa nimesimama, dakika mbili, huku nakunja nyaya.

Siku hizi naita wote, watoto wakiwemo, na kila mmoja anashika. Nawaonyesha taa za kontrola na maana ya kila rangi. Nawaambia waziwazi: ikikata, imewaokoa, na hakuna waya unaogusa betri isipokuwa wa kontrola. Nauliza nani anapenda televisheni, na huyo ndiye namkabidhi ulinzi wa betri.

Kwa betri ya asidi mwenye mita asome asubuhi kabla jua halijashika, vifaa vikiwa vimezimwa. Volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, ikifika 11.8 imekwisha. Kwa lithiamu vipimo hivyo havisaidii sana, volti zake hazishuki mpaka karibu na mwisho. Tazama kiashiria chake.

Betri zenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa, kiasi cha kufunika sahani, baada ya kuchaji. Nimewahi kuua betri yangu mwenyewe kwa maji ya kisima, nikiwa na haraka. Madini yake hukaa humo humo.

Paneli ifutwe asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini, mara moja kwa mwezi au vumbi likizidi. Mchana usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto, kioo kinaweza kupasuka. Na asiipande mtu.

Hatua ya 6: Fundi wa hapohapo na mfuko wa betri

Kama ni kikundi, hatua hii ifanyike kabla ya paneli ya kwanza kununuliwa. Nimeiweka mwisho kwa sababu ndivyo watu wanavyoifikiria.

Chagua watu wawili wanaoishi kijijini na watakaobaki kijijini. Chuo cha Barefoot kilichopo Tilonia, India, kilichoanzishwa mwaka 1972, kimejulikana kwa kuwafundisha kina mama, wengi wao bibi wasiosoma shuleni, kuwa mafundi wa sola. Mwanzilishi wake, Bunker Roy, hutoa sababu isiyo ya kubembeleza: kijana akipata cheti anahamia mjini, bibi anabaki. Nami naongeza la kwangu: bibi haogopi kumwambia mwanamume aondoe waya wake kwenye betri.

Wape sanduku lenye mita, bisibisi, fyuzi kumi, taa tano, swichi mbili, mita kadhaa za waya na kontrola moja ya akiba. Nusu ya wito wote unaishia kwenye sanduku hilo: fyuzi iliyokatika, skrubu iliyolegea, kutu kwenye kichwa cha betri. Mafundi walipwe, hata kidogo. Kazi ya bure huisha mvua za kwanza zikianza.

Kisha mfuko. Paneli huhakikishiwa na watengenezaji wengi kwa miaka 25. Betri ya asidi kwenye nyumba iliyotunzwa iwekee miaka mitatu. Kwa hiyo siku mfumo unawaka, betri ya pili imeshaanza kudaiwa. Chukua bei ya betri, gawa kwa miezi 30, na kila kaya iweke kiasi hicho kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Linganisha na walichokuwa wakinunulia mafuta ya taa na kuchajisha simu. Nyumba nyingi hukuta wanaweza. Kaya ikishindwa kabisa, mfumo wake ni mkubwa kuliko uwezo wake, punguza taa sasa.

Rudi baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi sita. Mwezi wa kwanza unatafuta nyaya zilizoongezwa. Miezi sita unakaza skrubu zote, unatazama mti uliokua, unapima volti asubuhi.

Betri ya asidi ikifa, isifunguliwe uani. Risasi iliyomo ni sumu kwa watoto, na asidi ikimwagwa inaua udongo. Isiyeyushwe kutengeneza vipande vya uzito vya nyavu, kama ninavyoona ikifanyika. Zikusanywe kwa fundi, zikifika tano zipelekwe kwa mnunuzi wa betri chakavu, na pesa inayopatikana iingie kwenye mfuko ule ule.